Programu Inasuasua kwenye Kompyuta ya Ofisini: Tafuta Kwanza Inasubiri Nini

Programu ya ofisini ikiwa nzito, lawama huangukia mambo mawili: kompyuta ni kuukuu, au mtandao ni mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwenye kompyuta iliyounganishwa na seva, printa na folda za pamoja, programu inayosuasua mara nyingi haina kazi kubwa inayoifanya. Imekaa inangoja jibu kutoka kwenye diski, kwenye seva, kwenye printa iliyozimwa tangu juzi, au kwa antivairasi inayokagua faili kabla ya kuiruhusu ifunguke. Ukinunua kompyuta mpya kabla ya kujua ni nani anayengojwa, utapata kompyuta mpya inayongoja vilevile.

Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinafuata swali moja: programu inasubiri nini? Mifano ni ya Windows kwa sababu ndiyo iliyojaa maofisini. Hatua nyingi anaweza kuzifanya mtumiaji wa kawaida. Panapohitajika haki za msimamizi wa mfumo nitasema.

Hatua ya 1: Geuza malalamiko yawe kipimo

"Kompyuta inavuta" ni neno lisilomsaidia mtu yeyote. Taja tendo moja: kufungua programu asubuhi, kutafuta jina la mteja, kuhifadhi faili, kuchapisha. Chukua saa ya simu, pima tendo hilo mara tatu mfululizo, kisha andika sekunde ulizopata.

Namba hizo tatu zinasema mengi. Ikiwa mara ya kwanza ni sekunde 40 na mara ya pili na ya tatu ni sekunde 4, tatizo liko kwenye kusoma vitu vya mwanzo: diski ya polepole, au antivairasi inayokagua kwa mara ya kwanza. Windows huweka kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vitu ilivyokwisha kuvisoma, ndiyo maana marudio huwa mepesi. Ikiwa namba zinapanda na kushuka bila mpango, mara 3, mara 25, mara 9, shuku kitu kinachotumiwa na watu wengi kwa pamoja: mtandao au seva. Na ikiwa zote ni ndefu na karibu sawa kabisa, tuseme 21, 21 na 22, hiyo ni dalili ninayoipenda kuliko zote. Programu inauliza kitu kisichojibu, inangoja mpaka muda wake wa kungoja uishe, halafu inakata tamaa na kuendelea. Mahali pa kutafuta ni hatua ya 5.

Baada ya kupima, muulize mwenzako afanye tendo hilohilo wakati huohuo kwenye kompyuta yake. Majibu yanagawanyika hivi: mtu mmoja akiteseka kwenye programu moja, anza na faili zake na mipangilio yake. Mtu mmoja akiteseka kwenye kila programu, anza na mashine yake au kebo yake. Wote wakiteseka kwenye programu moja, nenda moja kwa moja kwenye seva ya programu hiyo. Wote wakiteseka kwenye kila kitu, acha kuhangaika na kompyuta moja moja; tatizo ni swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao), DNS (huduma inayogeuza jina la seva kuwa anwani yake) au seva ya faili.

Kuna jaribio jingine linalosahaulika. Mwambie mwenye tatizo aingie kwa akaunti yake kwenye kompyuta ya jirani. Uzito ukimfuata, chanzo ni akaunti yake: profaili iliyojaa, kisanduku cha barua kilichovimba, orodha ya njia za mtandao zilizokufa. Uzito ukibaki kule alikotoka, chanzo ni mashine.

Hatua ya 2: Washa upya, tena kikweli

Kila mtu atakuambia ameshazima na kuwasha. Tatizo ni kwamba tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima kwa kawaida hakuanzishi kila kitu upya. Kipengele kiitwacho Fast Startup huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kilivyokuwa unapowasha tena. Anayezima kila jioni anaweza kuwa na mfumo ambao haujaanza upya kwa wiki kadhaa. Chagua Restart, si Shut down; Restart ndiyo inayosafisha.

Unaweza kuhakikisha. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa Performance, chagua CPU, uangalie Up time. Ukikuta siku 23 ilhali mwenyewe anaapa kwamba huzima kila siku, hakuna haja ya kubishana naye. Anasema kweli, na kompyuta nayo inasema kweli.

Baada ya kuwasha upya, ipe mashine dakika chache kabla ya kupima. Programu zinazojianzisha zenyewe bado zinagombania diski. Ikiwa wepesi unarudi kisha unapotea tena baada ya siku mbili tatu, fuatilia safu ya Memory kwenye Task Manager. Programu ambayo RAM yake inapanda kila siku bila kushuka inavuja kumbukumbu, na dawa yake ni toleo jipya kutoka kwa watengenezaji wake.

Hatua ya 3: Soma Task Manager wakati uzito upo

Msisitizo uko kwenye "wakati uzito upo". Kuangalia baadaye, mambo yakiwa yametulia, hakuna maana. Fungua Task Manager mapema, iweke pembeni ya skrini, kisha fanya lile tendo zito huku macho yakiwa kwenye safu nne: CPU, Memory, Disk na Network.

Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku kasi yake ikiwa megabaiti 1 au 2 tu kwa sekunde, usidhani kipimo kimekosea. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua takriban milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kichwa chake kinahitaji muda mwingine kuhama. Kwa hiyo ikiombwa vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, huhudumia takriban mia moja tu kwa sekunde. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, huhudumia maelfu kwa maelfu. Ukikuta kompyuta ya ofisini bado ina diski ya kuzunguka, na ndiyo inayofikia asilimia 100, umepata jibu na huna haja ya kusoma zaidi: badilisha diski.

Memory ikizidi asilimia 90 na diski nayo ikiwa imebanwa, kompyuta imeishiwa RAM na inahamishia mizigo kwenye diski. Angalia ni nani mlaji mkubwa. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa arobaini zilizoachwa wazi, na programu inayolalamikiwa haina hatia.

CPU ndiyo inayodanganya wengi. Mtu anaona asilimia 25 na kusema prosesa imepumzika. Kwenye kompyuta yenye viini vinne, asilimia 25 inaweza kuwa kiini kimoja kilichofika mwisho kabisa, kwa sababu programu nyingi za zamani za ofisini hufanya kazi zake nzito kwenye kiini kimoja tu. Kwenye viini vinane kiwango hicho ni asilimia 12 na nusu. Kwa hiyo ukiona CPU imeganda kwenye 25 au 12 bila kupanda wala kushuka, programu inafanya kazi kweli. Kuongeza RAM hakutasaidia; labda ripoti iliyoombwa ni kubwa mno au fomula zake zimepangwa vibaya.

Sasa tuchukue hali ambayo nadhani ndiyo iliyokuleta hapa. Programu imeganda, duara linazunguka, na Task Manager inaonyesha CPU asilimia 2, diski asilimia 1, RAM ipo ya kutosha. Kila kitu kimetulia. Hiyo ina maana kompyuta yako haina kosa; programu imeuliza kitu nje na inangoja. Hata yale maneno "Not responding" hayana maana kwamba programu imekufa. Windows huyabandika pale dirisha linapopitisha sekunde 5 bila kujibu mfumo. Usiiue haraka, hasa ikiwa inaandika kwenye faili ya hifadhidata iliyoko kwenye folda ya pamoja. Kuikata katikati ya kuandika ni njia ya uhakika ya kuharibu faili hiyo kwa watu wote.

Hatua ya 4: Lete faili karibu

Jaribio hili linachukua dakika tano na linaondoa nusu ya washukiwa. Nakili faili nzito kutoka kwenye folda ya mtandao, iweke kwenye C:\Temp, ifungue kutoka hapo. Usitumie Desktop kwa jaribio hili. Kwenye ofisi nyingi Desktop imeelekezwa kwenye seva au inasawazishwa na OneDrive, kwa hiyo utadhani umeileta faili karibu kumbe bado iko mbali. Iite JARIBIO na uifute ukimaliza, vinginevyo mwezi ujao kutakuwa na matoleo mawili ya hesabu na hakuna atakayejua lipi ni sahihi.

Ikifunguka haraka kwenye C:, basi njia, seva au antivairasi ndiyo yenye neno; ruka hadi hatua ya 5. Ikiwa bado nzito, tatizo liko ndani ya faili au ndani ya programu.

Kwa Excel, bonyeza Ctrl+End. Ukijikuta kwenye safu mlalo ya 900,000 ilhali data zinaishia ya 300, faili imebeba maelfu ya seli tupu zenye rangi na mistari. Futa safu mlalo hizo tupu zote, hifadhi, funga, fungua tena. Kisha angalia viungo vya faili nyingine: jedwali linalovuta namba kutoka kwenye faili iliyohamishwa au seva iliyoondolewa litaitafuta kila linapofunguliwa. Fomula zinazotaja safu wima nzima nazo ni mzigo, kwa kuwa safu wima moja ya Excel ina seli 1,048,576.

Kwa Excel, Word na Outlook pia, shikilia Ctrl unapobofya alama ya programu, ukubali kufungua kwa hali salama. Hali hiyo inawaacha nje wageni wote waliojipachika ndani ya programu: kitufe cha kubadilisha kuwa PDF, kitufe cha mikutano, kitufe cha mfumo wa uhasibu mlioacha kuutumia. Wepesi ukirudi, zima viongezo hivyo kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Kimoja kimoja, narudia. Ukizima vitano kwa mpigo utapata nafuu, lakini hutajua umeponywa na nini.

Hatua ya 5: Tafuta wale wasiojibu

Hapa ndipo panapotoka ule ucheleweshaji wa sekunde zilezile kila mara. Washukiwa ni wachache na wanajulikana.

Printa. Word na Excel huiuliza printa chaguomsingi ukubwa wa karatasi na kingo zake ili zipange ukurasa, hata kama huna mpango wa kuchapisha. Printa hiyo ikiwa ya mtandao na imezimwa, imehamishwa au imebadilishiwa anwani, programu inaweza kuganda kwenye kufungua faili au kubadili mwonekano. Kwa muda, fanya "Microsoft Print to PDF" iwe printa chaguomsingi, kisha pima tena. Uzito ukiondoka, futa printa ya zamani na uisajili upya. Nimewahi kuona watu wakipangiwa bajeti ya kompyuta mpya kwa sababu ya printa iliyokuwa stoo.

Herufi za folda za mtandao, zile za S:, T: na Z:. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika net use. Utaona orodha yote na hali zake. Neno Disconnected peke yake lisikutishe. Seva za Windows kwa kawaida hukata muunganisho uliokaa kimya kwa dakika 15 na kuurudisha mara tu unapohitajika. Anayetafutwa ni yule anayeelekeza kwenye seva isiyokuwapo tena. Kila dirisha la kuchagua faili linapofunguka, linaweza kumgonga mlango na kungoja. Mwondoe: net use Z: /delete. Akirudi kesho yake asubuhi, anawekwa na hati ya kuingilia (amri zinazojiendesha mtu anapoingia) au sera ya ofisi, na hapo msimamizi wa mfumo ndiye wa kumfuta kwenye chanzo.

Jina la seva. Andika ping, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu, ikifuatiwa na jina la seva, halafu ping ikifuatiwa na anwani yake ya IP. IP ikijibu mara moja lakini jina likichelewa, shida ni DNS. Andika ipconfig /all uone anwani za DNS. Kompyuta iliyo kwenye domeni ya ofisi (mfumo wa pamoja wa akaunti na kompyuta) inapaswa kuiuliza DNS ya ofisi. Ukikuta 8.8.8.8, kuna mtu aliwahi "kurekebisha intaneti". Anwani hiyo ni ya Google. Inaijua dunia nzima lakini haiijui seva yenu ya ndani, na kila swali kuhusu seva hiyo hupotea bure kabla ya kompyuta kujaribu njia nyingine. Kuiweka kama ya pili "kwa dharura" hakufai pia, kwa sababu Windows ikishahamia ya pili inaweza kubaki nayo.

Hatua ya 6: Pima njia, na uipime njia inayohusika

Kosa la kawaida hapa ni kufungua tovuti ya kupima kasi ya intaneti, kuona namba kubwa, na kutangaza kwamba mtandao ni mzima. Seva ya faili iko ndani ya jengo au upande wa pili wa VPN (njia ya faragha inayounganisha matawi kupitia intaneti). Kasi ya kwenda nje haikuambii lolote kuhusu mita thelathini za kebo zilizopo kati yako na swichi.

Anza na kasi ya kiungo. Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, andika Get-NetAdapter, usome safu ya LinkSpeed. Kompyuta za ofisi za miaka hii zinatakiwa zionyeshe 1 Gbps. Ukikuta 100 Mbps, kebo ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Gigabiti moja hutumia jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo. Megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Waya mmoja ukikatika chini ya mguu wa kiti, vifaa viwili hukubaliana kimyakimya kushuka daraja, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaouona. Faili ya gigabaiti 1 inayohitaji angalau sekunde 8 sasa inahitaji angalau 80. Badilisha kebo, pima tena. Na ikiwa kompyuta imechomekwa nyuma ya simu ya mezani, chomoa na uichomeke moja kwa moja ukutani. Simu nyingi za zamani zina tundu la megabiti 100, na kila kinachopita ndani yake hushuka hadi hapo.

Kama kompyuta inatumia WiFi, usibishane na WiFi. Vuta kebo kwa saa moja, hata kama itapita katikati ya chumba, na upime tendo lilelile. Tofauti ikiwa kubwa, umemaliza.

Kisha andika ping -n 100 na jina la seva. Ndani ya jengo kwa kebo, majibu yanapaswa kuwa chini ya milisekunde 1 au karibu na hapo, na yasipotee hata moja. Kupotea kwa majibu mawili matatu kati ya mia kunaonekana kidogo, lakini kila kipande kinachopotea hutumwa tena baada ya kungoja, na programu yenye maombi maelfu huuhisi vibaya. Seva nyingine zimezuiwa kujibu ping. Kwa hizo tumia Test-NetConnection pamoja na jina la seva na -Port 445, ambayo ndiyo bandari ya folda za pamoja za Windows. Hiyo haitakupa takwimu za upotevu, lakini utajua kama mlango uko wazi.

Msimamizi wa mtandao aangalie pia kama swichi imelazimishwa kasi upande mmoja huku kompyuta ikiachiwa kujichagulia. Upande unaojichagulia hushindwa kujua mwenzake anatuma na kupokea kwa pamoja, huishia kutuma na kupokea kwa zamu, na pande mbili hugongana. Ping itaonekana safi kabisa. Kunakili faili kubwa ndiko kutakakokwama. Acha pande zote mbili zijichagulie.

Sasa nikae kidogo kwenye ucheleweshaji, kwa kuwa ndio usioeleweka na ndio unaotafuna fedha za ofisi. Programu nyingi za uhasibu, stoo na kumbukumbu za wateja zilitengenezwa zikitarajia faili ya data iko kwenye seva ya chumba cha pili. Kufungua fomu moja kunaweza kuzalisha maombi 5,000 madogomadogo, kila moja likingoja jibu kabla ya lingine kutumwa. Jibu likichukua nusu milisekunde, jumla ni sekunde 2 na nusu, hakuna atakayelalamika. Mfanyakazi huyohuyo akiifungua akiwa tawi lingine kupitia VPN yenye ucheleweshaji wa milisekunde 40, maombi yaleyale ni sekunde 200. Dakika tatu na ushee kwa fomu moja. Ofisi inanunua intaneti ya kasi mara tano, na fomu inabaki dakika tatu na ushee. Ni sawa na kujaza pipa kwa kikombe kutoka kisimani: kuipanua njia hakupunguzi safari.

Dawa ni kuisogeza programu karibu na data. Mtumiaji wa mbali afungue programu ndani ya seva kwa Remote Desktop, ili kinachosafiri kiwe picha ya skrini na vibonyezo tu. Au watengenezaji wahamishie data kwenye hifadhidata halisi, inayoulizwa swali moja na kurudisha jibu moja. Faili za hifadhidata za aina ya Access zisifunguliwe kabisa kupitia VPN au WiFi dhaifu. Muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, tatizo litaacha kuwa uzito na kuwa upotevu wa data. Faili za PST za Outlook, zinazohifadhi barua pepe, nazo zikae kwenye diski ya kompyuta, zisikae kwenye folda ya mtandao.

Hatua ya 7: Antivairasi, bila kuizima

Ukiona kwenye Task Manager kwamba kila programu nzito inapofunguka, MsMpEng.exe (antivairasi ya Windows yenyewe) au jina la antivairasi yenu linapanda nayo, ukaguzi wa faili ndio unaochelewesha. Ushauri wa kuizima utausikia kila mahali. Usiufuate. Msimamizi aongeze msamaha mwembamba: folda moja ya data ya programu moja, kwa kufuata maelekezo ya watengenezaji wa programu hiyo. Kusamehe diski nzima ya C: ni kujitafutia janga. Hakikisha pia hakuna antivairasi mbili zinazokagua faili ileile, na kwamba ukaguzi mkubwa wa wiki haujapangwa saa nne asubuhi.

Hatua ya 8: Seva

Seva kama si yako, usiiguse, uliza. Maswali ya kuuliza ni machache. Bakapu inaanza saa ngapi na inamalizika saa ngapi hasa? Bakapu zilizopangwa usiku hurefuka kadiri data zinavyoongezeka, na siku moja hujikuta zinaendelea hadi saa mbili na nusu asubuhi. Diski ya seva ina nafasi kiasi gani? Kuna ripoti kubwa inayoendeshwa muda ambao watu wanalalamika?

Swali la mwisho ni kufuli. Hifadhidata humfungia mtu rekodi anayoihariri ili mwingine asiandike juu yake. Mtu akifungua ankara, akaanza kuibadilisha na kwenda chakula cha mchana, wenzake wote wanaoigusa ankara hiyo wanaweza kuganda mpaka arudi. Vipimo vyote vitakuwa safi: CPU ya seva imetulia, mtandao mzuri, diski nzuri. Msimamizi wa hifadhidata anaweza kuona ndani ya dakika moja ni nani anamzuia nani. Uzito unaokuja ghafla na kuondoka ghafla, kwa watu kadhaa kwa pamoja, ndio sura yake.

Hatua ya 9: Ukikwama, mwite Process Monitor

Ni zana ya bure kutoka mkusanyiko wa Sysinternals, ulioanza mwaka 1996 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2006. Inahitaji haki za msimamizi. Inaandika kila faili na kila mpangilio ambao programu inaugusa, maelfu kwa sekunde, kwa hiyo chuja kwa jina la programu yako, anza kurekodi, fanya lile tendo zito, simamisha mara moja. Ongeza safu ya Duration, ambayo haionyeshwi mwanzoni, kisha tafuta mistari iliyochukua sekunde nzima au zaidi. Safu ya Path itakutajia hasa kilichongojwa. Ukiona \\SEVA-ZAMANI\ na matokeo ya BAD NETWORK PATH, kesi imekwisha.

Programu za "kuongeza kasi ya kompyuta" na za kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) usiziweke. Kati ya vyanzo vyote vilivyotajwa hapa, hakuna hata kimoja zinachotibu, na nyingi huongeza mzigo mwingine wa kujianzisha zenyewe.

Hatua ya 10: Kabidhi ushahidi

Ukifika hapa bila tiba, tatizo ni la msimamizi wa mtandao au la watengenezaji wa programu. Wakipelekewa neno "inavuta" watakujibu "washa upya". Waandikie hivi:

"Kutafuta mteja kwa jina kunachukua sekunde 21 kila mara, kwenye kompyuta tatu za ghorofa ya pili; ghorofa ya kwanza ni sekunde 2. Kulianza Jumatatu baada ya swichi kubadilishwa. Wakati wa kungoja, CPU iko chini ya asilimia 5 na diski imetulia. Ping kwa IP ni chini ya milisekunde 1. Kwa jina inachelewa kuanza. LinkSpeed ni 1 Gbps. Tumewasha upya kwa Restart. Faili ya Process Monitor imeambatishwa."

Mpokeaji wa ujumbe huo ataanza na DNS ya ghorofa ya pili kabla hajamaliza kuusoma.